Madaktari wanapopita vitandani, mama wa mtoto asitolewe nje

Saa mbili ya asubuhi, kwenye chumba cha watoto cha hospitali moja ya kufundishia mjini Goma, muuguzi anapiga makofi mara mbili. Kina mama wanajua maana yake. Kila mmoja anakusanya sufuria yake, beseni, kitenge kilichokuwa kimetandikwa chini, na kutoka nje. Madaktari wanakuja kupita kitanda kwa kitanda, kazi ambayo katika hospitali za Kivu kila mtu anaiita kwa Kifaransa tour de salle. Mlango unafungwa. Ndani wanabaki watoto peke yao na kundi la watu wenye blusi nyeupe: daktari mkuu wa idara, madaktari wawili vijana, muuguzi anayesukuma kigari cha mafishi, na wanafunzi wa udaktari walio katika staji, zaidi ya kumi, wengine wakisimama kwa vidole ili waone kitanda.

Kati ya waliotoka siku hiyo alikuwamo mama mmoja aliyehama kutoka wilaya ya Masisi. Mwanawe alikuwa hajafikisha miaka miwili. Alilazwa kwa utapiamlo mkali, miguu imevimba, tumbo linaharisha, hana nguvu hata ya kulia. Mama alikaa nje kando ya ukuta pamoja na wenzake, akafua nguo, akaanika, akangoja.

Kitandani kwa mtoto huyo madaktari walikaa karibu robo saa. Wanafunzi waliokuwepo wanasema somo lilikuwa zuri sana. Waliulizwa kwa nini mtoto aliyevimba kwa utapiamlo hapewi serumu kwa haraka, na mmoja akajibu vizuri kwamba moyo wake ni dhaifu, maji mengi yanaweza kuuzidi nguvu. Waliulizwa kwa nini mtoto wa namna hiyo anaweza kufa usiku ilhali jioni alionekana sawa. Jibu: sukari ya damu inashuka, mwili unapoa, na kwa macho anaonekana kama amelala tu. Ndiyo maana maziwa maalumu yale yanayoitwa F-75 yanatolewa kidogo kidogo, mara nane kwa mchana na usiku, bila kuruka hata mara moja. Daktari akaandika hivyo kwenye fishi. Wakaenda kitanda kinachofuata.

Mama aliporudi ndani, muuguzi aliyekuwa na haraka alimwambia kwa Kiswahili: « Mama, maziwa ni saa tatu saa tatu, hata usiku. »

Mtu asome tena maneno hayo taratibu. Muuguzi alitaka kusema kwamba maziwa yanatolewa kila yanapopita masaa matatu. Lakini kwa mtu wa kijijini anayehesabu saa kwa Kiswahili, saa tatu ni saa tatu ya asubuhi, na nyingine ni saa tatu ya usiku. Na maneno « hata usiku » yakathibitisha kile alichosikia: asubuhi saa tatu, usiku saa tatu. Mchana haikuleta shida, kwa sababu maziwa yaligawiwa kwa kina mama wote pamoja na yeye alifuata wenzake. Usiku kila mama alipaswa kuamka mwenyewe na kupeleka kikombe kwenye meza ya muuguzi. Saa tatu ya usiku alikwenda, akanywesha mtoto, akalala. Saa sita hakwenda. Saa tisa hakwenda. Aliamka mara moja, akamgusa mtoto, akaona amelala kimya, akamshukuru Mungu, maana siku nyingi mtoto alikuwa halali vizuri.

Alfajiri muuguzi wa zamu alimkuta mtoto baridi kama jiwe, macho nusu wazi, hashtuki akiguswa. Alipewa maji ya sukari upesi, akafunikwa, akawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Alipona. Wengine hawaponi.

Sasa nani alaumiwe? Mama, ambaye hakuna aliyemweleza? Muuguzi, ambaye usiku huwa peke yake na watoto wengi kuliko anaoweza kuwaangalia? Daktari, ambaye alijua kila kitu na akakiandika sawasawa? Ukiwachukua mmoja mmoja, kila mtu alifanya kazi yake. Kasoro iko kwenye desturi ile ya makofi mawili. Mtu atakayekesha na mgonjwa usiku kucha anatolewa nje saa ileile ambayo mambo ya mgonjwa yanaamuliwa.

Desturi hiyo imezoeleka kiasi kwamba wagonjwa wenyewe hawaioni tena kama jambo la kuulizwa. Wakaaji wa Goma, Bukavu, Beni na Butembo wameikuta tangu utoto wao. Mlinzi wa mgonjwa, yule ndugu anayelala chini ya kitanda, katika hospitali za Congo ndiye anayepika, ndiye anayeosha, ndiye anayekimbia farmasi na ordonansi mkononi, ndiye anayeita muuguzi serumu ikiisha. Bila yeye hospitali nyingi zisingeweza kufanya kazi hata siku mbili. Halafu saa mbili ya asubuhi anahesabiwa kama mtu wa kuziba njia.

Kwa familia zilizohama makwao jambo hili lina uzito zaidi. Mkaaji wa mjini ana shemeji, ana jirani muuguzi, ana mtu wa kanisani anayejua kusoma fishi. Mchana atampigia simu na ataelezwa. Mama aliyekimbia Masisi, Rutshuru au Kalehe na watoto wanne na godoro moja hana mtu huyo. Wale wengine watatu amewaacha kwa jirani wa hema, na kila saa anayokaa hospitalini anajiuliza kama wamekula. Neno moja ambalo hakulielewa asubuhi linaweza kumfanya abebe mtoto mgongoni na kuondoka jioni. Hospitali itaandika kwenye fishi kwamba ametoroka.

Watu wanaondoka hivyo kwa sababu ya neno lililosikika nusu. Baba anasikia kwa mbali « amputation », anaogopa kwamba mguu wa kijana wake utakatwa, kumbe daktari alikuwa akiwaeleza wanafunzi namna ya kuuepusha mguu usikatwe. Koko mmoja anaona watu kumi na tano wanatazama tumbo la mjukuu wake, wanatikisa vichwa, wanaandika, wanaondoka bila kusema. Anamalizia mwenyewe kwamba mtoto ni wa kufa, na heri afe nyumbani. Hakuna aliyemdanganya. Alitazama tu nyuso zao, akatoa jibu lake.

Hapo ndipo jambo la lugha linapoingia, na ni jambo kubwa kuliko madaktari wengi wanavyokubali. Udaktari nchini Congo unafundishwa kwa Kifaransa. Hakuna ubaya, vitabu ni vya Kifaransa, mitihani ni ya Kifaransa, na Katiba ya 2006 imekifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi. Lakini katiba hiyohiyo inataja lugha nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Mgonjwa hajakosea kwa kutojua Kifaransa. Isitoshe, huku mashariki Kiswahili chenyewe si cha kila mtu kwa kiwango kimoja. Mzee wa Masisi anaweza kuwa amezoea Kihunde au Kinyarwanda, wa Walikale Kinyanga, wa Lubero Kinande, wa Walungu Mashi, wa Kalehe Kihavu. Kiswahili anakijua cha sokoni, cha kununua chumvi. Ukimwambia kwa Kiswahili cha haraka kwamba figo zake zimechoka, atadhani anahitaji kupumzika.

Kwa hiyo kutafsiri peke yake hakutoshi, na mfano wa saa tatu unaonyesha hivyo. Kinachohitajika ni kumuuliza mtu aseme tena alichosikia. « Mama, niambie, usiku wa leo utakuja kuchukua maziwa mara ngapi? » Kama yule mama angeulizwa swali hilo, angejibu « mara moja, saa tatu », na kosa lingeonekana palepale, mchana, kabla halijamfikia mtoto. Swali lenyewe halichukui hata nusu dakika. Halihitaji mashine, halihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Madaktari wana majibu yao kwa haya yote, na haifai kuyapuuza, kwa sababu mengi ni ya kweli.

La kwanza ni nafasi. Vyumba vimejaa, vitanda vimebanana, siku nyingine watoto wawili wanalala kitanda kimoja. Ukiwaacha walinzi wote ndani pamoja na wanafunzi wote, hakuna atakayepita. Ni kweli. Lakini hakuna anayedai walinzi wote wabaki ndani. Anatakiwa mmoja, mwenye mtoto wa kitanda kinachoangaliwa sasa. Muuguzi akifika kitanda cha tano, mama wa kitanda cha sita awe tayari mlangoni. Foleni za namna hiyo wahami wanazijua vizuri, wanazipanga kila siku kwenye maji na kwenye chakula. Na kama tatizo ni wingi wa watu kuzunguka kitanda, ingefaa mtu ahesabu blusi nyeupe kabla ya kuhesabu vitenge.

La pili ni siri ya mgonjwa. Hili ni zito. Katika vyumba vya wakubwa kuna mgonjwa wa ukimwi ambaye hata mke wake hajamwambia. Kuna msichana aliyebakwa porini ambaye shangazi yake anajua tu kwamba ana homa. Bukavu, ambako Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, kila mtu anaelewa uzito wa siri kama hizo. Hapo mgonjwa mwenyewe ndiye wa kuulizwa kwanza, pembeni, kabla ya mzunguko kuanza: unataka ndugu yako awepo au la? Akisema hapana, ni hapana. Lakini wanaotaja siri wasisahau jambo jingine linalotendeka kila asubuhi: ugonjwa wa mtu unatangazwa kwa sauti mbele ya wanafunzi kumi na mbele ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye huenda alisoma sekondari na anasikia Kifaransa chote. Siri imevuja tayari. Aliyenyimwa habari ni mwenye siri na mama yake.

La tatu ni muda, na ndilo linalosemwa kwa uchungu zaidi. Daktari mmoja, wagonjwa thelathini, nyuma yake kuna watu wa kupasuliwa wanaomngoja, na mwisho wa mwezi mshahara wa serikali haueleweki. Kumwongezea kazi daktari wa Congo ni kama kumwongezea mzigo mpanda baiskeli anayepandisha mlima wa Sake. Lakini hesabu ifanywe. Wagonjwa thelathini, dakika mbili kila mmoja kwa ajili ya familia, ni saa moja. Yule mtoto wa Masisi alichukua robo saa ya somo peke yake. Masomo manne ya namna hiyo ni saa moja pia. Kwa hiyo muda upo. Umeelekezwa upande mmoja.

Tena si kila somo lazima litolewe kwenye kitanda. Sababu za serumu kuuelemea moyo wa mtoto zinaweza kuelezwa chumba cha mkutano, kwenye ubao, wanafunzi wamekaa, wanaandika vizuri. Kitandani pabaki yale yasiyowezekana kwenye ubao: kuona miguu iliyovimba, kugusa, kusikiliza kifua, na kuzungumza na mama. Daktari achague wagonjwa watatu kwa siku wa kufundishia kwa kina, baada ya kuwaomba ruhusa, na wengine wapitiwe kwa ajili ya matibabu yao. Hata mwanafunzi atafaidi zaidi, kwa maana yule wa kumi na mbili aliyesimama nyuma hakuona miguu ya mtoto, aliona mgongo wa mwenzake.

Desturi ya kufundisha udaktari kitandani ina sababu nzuri. William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa Marekani mwaka 1889, alikuwa wa kwanza kuwatoa wanafunzi wengi wa nchi ile kwenye viti vya darasa na kuwapeleka kwa mgonjwa. Alitaka wajifunze kumsikiliza mtu mgonjwa. Kama leo wanafunzi wanapelekwa kitandani halafu mama wa mgonjwa anatolewa nje, basi darasa limehamishwa tu. Ubao umelazwa kitandani.

Na wanafunzi hao ndio wa kutazamwa kwa karibu, maana wanachokiona sasa ndicho watakachokifanya miaka thelathini ijayo. Katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukavu wanapita wale wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Panzi wanapita wale wa Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika. Butembo kuna kliniki za chuo kikuu cha Graben. Wakitoka hapo wanatumwa Walikale, Shabunda, Fizi, mahali ambapo daktari ni mmoja na hakuna wa kumsahihisha. Kijana aliyefundishwa kwamba mama wa mtoto hutolewa nje atapiga makofi mawili huko pia.

Lakini mwanafunzi huyo ndiye pia anayeweza kuwa dawa ya tatizo hili bila gharama. Kila mwanafunzi wa staji apewe vitanda vyake, vitatu au vinne. Saa moja ya asubuhi, kabla madaktari hawajaja, akae na mlinzi wa mgonjwa amuulize: usiku ulikuwaje, amekula nini, dawa gani mmenunua na ipi imewashinda. Wakati wa mzunguko yeye ndiye aseme mbele ya daktari alichoambiwa, mama akiwa amesimama hapo na anaweza kusahihisha. Kundi likienda kitanda kinachofuata, yeye abaki dakika mbili amweleze mama kwa lugha yake yaliyoamuliwa, na amwombe arudie. Kama hajui Kihunde, amtafute anayekijua. Katika chumba cha wagonjwa wa Goma hawezi kukosekana. Na hilo lihesabiwe katika alama zake za staji. Asiyeweza kumweleza mama mpango wa mtoto wake bado hajaujua ugonjwa huo.

Muuguzi naye apewe nafasi ya kusema. Hili madaktari wakubwa wanalipokea kwa shida, lakini ni kweli: mtu aliyekuwepo saa tisa ya usiku ndiye anayejua kama mgonjwa alihema vizuri. Katika mizunguko mingi muuguzi anasukuma kigari, anatoa fishi, anaandika anachoamriwa. Haulizwi. Nchini Uingereza, ambako hospitali za kufundishia ni za zamani kuliko zote za huku, vyama viwili vikubwa, kile cha madaktari wa magonjwa ya ndani na kile cha wauguzi, vilitoa mwongozo wa pamoja mwaka 2012 juu ya mzunguko wa vitandani. Humo muuguzi anatakiwa kuwepo kwenye kila kitanda, na mgonjwa na familia yake wanahesabiwa kuwa sehemu ya mazungumzo. Waingereza hawana mapenzi zaidi kwa wagonjwa kuliko Wakongomani. Waliona tu kwamba wao pia walikuwa wakikosea palepale.

Wengine watasema hayo ni ya Ulaya. Basi watazame karibu. Mwaka 2009 ilitangazwa habari ya utafiti wa karatasi fupi ya kusoma kwa sauti kabla na baada ya kumpasua mgonjwa, karatasi ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19 tu. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, huko Tanzania. Ukichanganya hospitali zote hizo, vifo baada ya kupasuliwa vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa mia. Sehemu ya karatasi hiyo ni watu kutajana majina na kuulizana maswali kwa sauti. Karatasi ya namna hiyo kwa mzunguko wa vitandani inaweza kuandikwa na hospitali yenyewe kwa mchana mmoja: mlinzi ameitwa? muuguzi wa usiku amesikika? mikono imeoshwa? familia imeelezwa kwa lugha gani? imerudia? inajua dawa gani inunuliwe kwanza kama pesa haitoshi?

Swali hilo la mwisho lina uchungu wake. Ordonansi ina dawa tano, familia ina franga za dawa mbili. Mlinzi anasimama mbele ya farmasi na kuchagua mwenyewe, mara nyingi anachukua zile za bei ndogo, na ile iliyobaki huenda ndiyo iliyokuwa inabeba uhai. Daktari angekuwa amesema neno moja tu, « hii kwanza », na mlinzi angekuwepo kulisikia.

Kuhusu kuosha mikono, wanafunzi wote wanafundishwa kisa cha Daktari Semmelweis wa Vienna, lakini si wote wanakitia moyoni. Kabla ya mwaka 1847 hospitali yake ilikuwa na vyumba viwili vya uzazi. Kimoja kilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, kingine na wakunga. Wanawake walikuwa wakiomba kwa machozi wasipelekwe kwa madaktari, kwa sababu walijua kule kina mama wanakufa zaidi. Semmelweis aliamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua sana. Wanawake wale walikuwa wamekwisha kuliona tatizo kabla wenye elimu hawajalieleza. Mama aliye nje ya mlango anaweza kuwa anajua kitu.

Na huku Kivu ya Kaskazini somo hilo lilishapatikana kwa gharama kubwa. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200. Wakaaji wa Beni na Butembo wanakumbuka uvumi wa siku zile: mgonjwa anaingia kwenye plastiki nyeupe, familia haimwoni, anatoka kwenye mfuko. Watu waliamini kwamba ndani wanauawa. Hapo ndipo shirika la ALIMA lilipoleta Beni vile vyumba vyenye kuta za kuonyesha, ambamo ndugu anaweza kusimama nje na kumwona mgonjwa wake, kumsemesha, kumwona akinywa maji. Ukuta uliendelea kuwepo, ugonjwa ni ule ule, hatari ni ile ile. Ila ndugu alikuwa anaona. Ikiwa kwa Ebola iliwezekana familia ikaribishwe mpaka kwenye ukuta, itakuwaje kwa mtoto mwenye utapiamlo, ambaye hawaambukizi watu njaa yake, mama afungiwe mlango?

Hospitali hazitabadilika zote kwa wiki moja. Mpaka hapo, familia zenye wagonjwa zina kitu cha kufanya. Kabla ya kutoka nje asubuhi, mlinzi anaweza kumwambia muuguzi kwa heshima: « Yaya, madaktari wakifika kwa mtoto wangu, naomba niitwe. » Wengine wataitwa, wengine hawataitwa. Akirudi ndani aulize mambo matatu, na asione haya: « Mtoto wangu iko na nini? Leo mutamufanyia nini? Mimi nifanye nini, saa ngapi? » Saa akitajiwa, aseme tena kwa kuhesabu kwa vidole. Akipewa ordonansi, aulize ipi ni ya kwanza. Asiyejua kusoma amwombe mwanafunzi, si yule mkubwa mwenye haraka, yule kijana mwenye daftari mpya. Huyo mara nyingi anafurahi kuulizwa.

Ni kijana wa namna hiyo aliyemsaidia mama wa Masisi. Asubuhi ile mtoto alipopata joto tena, mwanafunzi wa staji alirudi peke yake akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimuuliza mama alikuwa ameelewa nini juu ya maziwa. Aliposikia jibu, alishika kichwa. Mama hakuwa na saa wala simu, kwa hiyo wakatafuta pamoja alama za usiku. Saa tatu, wakati jenereta inapozimwa. Saa sita, wakati walinzi wa lango wanapobadilishana na kusalimiana kwa sauti. Saa tisa haikuwa na alama yoyote, basi wakakubaliana kwamba mama wa kitanda cha dirishani, mwenye simu, atamwamsha. Saa kumi na mbili, wafagiaji.

Usiku huo alikwenda mara zote nne na kikombe chake. Asubuhi saa mbili muuguzi alipiga makofi mara mbili, mama akachukua sufuria na kitenge, akatoka nje na wenzake, na mlango ukafungwa.